Kumpima sungura kwa kiganja

Dume wangu wa kwanza wa New Zealand White, mbegu ya sungura wa nyama, nilimchagua kwa uzito. Alikaribia kilo 5, manyoya yake meupe kama tui, na kila aliyepita penye banda langu hapa Wete alisimama kumtazama. Nikampandisha kwa majike manne. Watoto walipotimiza wiki 10 niliwapanga mezani mmoja mmoja, na karibu wote walikuwa na kiuno chembamba na nyonga zilizobana kwa chini, mithili ya gunia lililofungwa kamba upande mmoja. Nilimrudia baba yao, nikampapasa vizuri kwa mara ya kwanza, na kasoro ile ile nikaikuta imejificha chini ya mafuta. Mizani haikunidanganya, kwani dume wa mbegu hiyo hutakiwa awe na kilo 4.1 hadi 5 hivi, lakini uzito na umbo ni mambo mawili tofauti.

Kabla ya kuhukumu umbo, ni lazima ujue mbegu yako inatakiwa iwe na umbo gani. Vigezo vya ARBA, chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1910, vinataja maumbo matano: upinde kamili kama wa Belgian Hare, upinde nusu kama wa Flemish Giant, umbo fupi lililoshikana kama la Dutch, umbo refu la mviringo ambalo ni la Himalayan peke yake, na umbo la sungura wa nyama, ambalo ndilo la New Zealand na Californian. Miguu mirefu inayoinua tumbo juu ya meza ni sifa kwa Belgian Hare, lakini kwa sungura wa nyama ni kasoro. Mimi nafuga hawa wa nyama, na ninayoyaeleza hapa yanawahusu wao.

Mweke sungura juu ya gunia au mkeka mbovu ili asiteleze. Miguu ya mbele iwe chini ya macho, na ya nyuma ikae chini ya nyonga, ncha za vidole zikiwa usawa wa goti. Ukimvuta akanyooka, hata mgongo mzuri utaonekana bapa. Ukimsukuma akajikunyata, mgongo mbaya utaonekana umepanda vizuri. Mwache atulie kwanza, hata ikichukua dakika kadhaa.

Kisha weka kiganja shingoni na ukitelezeshe nyuma polepole bila kukandamiza. Mstari wa mgongo upande taratibu kuanzia mabegani, ufike kileleni juu ya nyonga, halafu ushuke kwa mviringo hadi mkiani. Kimo cha mwili pale nyongani kikaribiane na upana wake. Kiuno kijae mkononi, na mifupa ya nyonga isichomoze. Malizia chini ya mkia: vidole vikutane na nyama iliyojaa, visizame kuelekea tumboni. Jirani yangu ni fundi wa madau, naye hupapasa ubao akiwa anatazama pembeni, maana anasema jicho hulainisha kona ambayo mkono umekwisha kuiona. Tangu nilipomwona akifanya hivyo, nami huwapapasa sungura wangu nikiwa nimefumba macho.

Kasoro ninayoiogopa zaidi ni mabega marefu, yaani mgongo unaoanza kupanda ukiwa umechelewa, kwa sababu katika banda langu imechukua vizazi vingi kuliko nyingine zote kuipunguza. Tofautisha pia umbo na hali ya mwili. Wakati wa joto la kaskazi sungura hupunguza kula na viuno vyao hukonda, kwa hiyo simwondoi sungura kwenye uzazi kwa ajili ya kiuno nilichokipima Januari. Humpima tena hali ya hewa inapopoa.

Umri nao una hila zake. Huwachagua mara ya kwanza wakiwa na wiki 8 hadi 10, umbo linapodhihirika. Kuanzia miezi mitatu hadi mitano miili hukua bila mpangilio, mabega yakitangulia nyonga au nyonga zikitangulia mabega, na kipindi hicho siuzi wala sichinji niliyekuwa nikimtarajia. Hupima tena wakifika miezi sita, na mara ya mwisho wakifika miezi minane.

Katika kupandisha, usiwakutanishe wawili wenye kasoro moja, wala usitibu kasoro kwa kinyume chake. Jike mrefu kupita kiasi ukimpa dume mfupi kupita kiasi, utapata warefu na wafupi katika zao moja. Mpe dume aliye sawasawa pale jike alipopungukiwa. Daftari langu lina ukurasa kwa kila mzazi, na siku ya kupandisha hufungua kurasa mbili pamoja, nikasoma mabega, kiuno na nyonga za wote wawili kabla sijafungua mlango wa tundu.