Punda Aliyekatwa Mkia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Nani au nini kilikuingiza kwenye kazi unayoifanya, na kwa nini hujaiacha?" Nafundisha saikolojia chuoni, huu ni mwaka wa 17. Aliyeniingiza ni mama mmoja mwenye kioo. Kwa nini sijaacha, hilo lina maelezo marefu kidogo, nivumilieni.

Kwanza niseme hili liishe: sisomi mawazo ya mtu. Kila nikijitambulisha mahali, hakosi mmoja wa kuuliza, "Sasa hivi unanisoma, sivyo?" Sikusomi. Ningekuwa na uwezo huo ningejua nani kati ya wanachuo wangu 80 amepitia somo kabla ya kuja darasani, nami ningelala mapema.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea uhasibu. Saikolojia niliichukua kuziba pengo kwenye ratiba, saa nane mchana, saa ya usingizi. Mwalimu alikuwa mama wa makamo asiyepaza sauti. Siku hiyo alikuja na kioo cha kusimamisha mezani, kipande cha kadibodi, na karatasi iliyochorwa nyota yenye mistari miwili, mmoja ndani ya mwenzake, kama njia nyembamba inayozunguka. Akatafuta mtu wa kumfanyia mfano, macho yakamwangukia aliyekuwa anasinzia, yaani mimi. Kazi yenyewe ni kupitisha penseli katikati ya mistari bila kuigusa. Ila kadibodi imeufunika mkono, na nyota unaiona kwenye kioo tu.

Jaribuni nyumbani. Unataka kupanda, penseli inashuka. Ukifika kwenye kona, mkono unaganda. Upande wa kwenda unaujua kabisa, lakini mkono hautii, unatetemeka papo hapo kama sindano ya dira. Darasa lilicheka hadi waliokuwa wamelala wakaamka. Nyota yangu ilitoka kama kiota cha ndege. Mama akasema taratibu, "Kesho rudi." Nikarudi kesho, nikarudi keshokutwa. Siku ya tatu niliizunguka nyota nzima nikagusa mstari mara mbili tu.

Ndipo akatueleza habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953, akiwa na miaka 27, ili kifafa chake kipungue. Kifafa kilipungua kweli, lakini tangu hapo hakuweza tena kutunza kumbukumbu ya mambo mapya yanayompata. Mtafiti Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila mara alipoingia chumbani alikuwa mgeni machoni pake. Milner akampa nyota na kioo kama nilivyopewa mimi. Kufikia siku ya tatu Molaison alikuwa anachora vizuri, na mwenyewe alishangaa kazi ilivyo nyepesi, maana hakukumbuka kuwahi kuifanya. Vitabu vilimwita H.M. tu, kumfichia jina, hadi alipofariki mwaka 2008.

Nilitoka darasani nikiutazama mkono wangu wa kulia kama mali ya mtu mwingine. Kumbe kukumbuka si jambo moja. Kuna kumbukumbu unayoweza kuisimulia, na kuna nyingine inayokaa mkononi bila kukutaarifu. Muhula uliofuata niliomba kuhama kozi. Nyumbani hawakufurahi, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa twende kwenye kufundisha. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa msemaji mzuri, nasema bila kujisifu, maana ndiyo kosa lenyewe. Nilikuwa na hadithi, vichekesho, picha za kuvutia. Watu walikuja darasani kwangu hata bila kuandikishwa. Tathmini za mwisho wa muhula zilikuwa tamu kiasi kwamba nilizisoma mara mbili.

Siku moja, kwenye foleni ya benki, nikakutana na binti niliyemfundisha miaka mitatu nyuma, aliyepata alama ya juu kabisa darasani. Akanishika mkono kwa furaha: "Mwalimu, somo lako sitalisahau maisha!" Kwa utani nikamuuliza anakumbuka nini. Akafikiri. Foleni ikasogea hatua mbili. Akafikiri tena, akacheka, akasema, "Siku ile ulipojikwaa kwenye waya wa projekta."

Nilicheka naye. Usiku sikucheka. Nilimrudia mtu ambaye hadi hapo nilikuwa nikimpitia kwa dakika kumi kila mwaka: Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha kitabu chake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885. Hakuwa na wanachuo wa kuwapima, akajipima mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, konsonanti, irabu, konsonanti, akazipanga kwa safu, akawa anazikariri kwa mwendo wa mlio wa saa mpaka anazisema bila kosa. Kisha anaacha muda upite, anazikariri upya, na kupima ameokoa muda kiasi gani safari hii. Baada ya saa moja hivi, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imeyeyuka. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Tazameni hapo: kuporomoka kote ni mwanzoni, halafu kinachobaki kinang'ang'ania.

Jaribio hilo nalifanya na wanachuo kila mwaka, na kwa Kiswahili linakuja na vituko vyake. Ungedhani sisi tungepata silabi za namna hiyo kirahisi, maana maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo "lur" au "gop" au "pun" si maneno. Lakini akili haivumilii upuuzi. Nikiandika "sif" ubaoni, mtu anasema sifa. "Kub", wanasema kubwa imekosa pumzi. Mwaka mmoja niliandika "pun", kijana wa nyuma akasema kwa sauti, "Mwalimu, huyo ni punda aliyekatwa mkia." Darasa likavunjika. Tangu hapo silabi hiyo siiondoi kwenye orodha, ingawa Ebbinghaus angenifukuza maabara.

Kwa hiyo niligundua kwamba nilikuwa namwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, na nasifiwa kwa namna ninavyomimina. Dawa haikuwa siri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambao nilikuwa nimeshaufundisha bila kuufuata. Wanachuo walisoma maandishi. Wengine wakayasoma tena na tena, wengine wakayasoma mara moja kisha wakajipima mara kadhaa kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja meza ikapinduka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Na cha kuchekesha, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Nikabadilisha darasa. Kila kipindi kinaanza hivi: funga daftari, zima simu, chukua karatasi tupu, andika chochote unachokumbuka cha wiki iliyopita, na cha wiki tatu zilizopita. Dakika saba. Hakuna alama. Na mimi nakaa mbele na karatasi yangu naandika pia, bila kutazama maandalio. Wakimaliza tunafungua madaftari kusahihisha, wao ya kwao, mimi ya kwangu kwenye ubao, mbele yao.

Wiki za kwanza zilikuwa msiba. Ukimya wa watu 80 wanaotazama karatasi nyeupe una uzito wake. Wengine waliandika jina na tarehe, basi. Kijana mmoja alichora nyumba. Tathmini za muhula ule zilishuka kama jiwe kisimani, moja iliandikwa, "Mwalimu hafundishi, anatuuliza tu." Mkuu wa idara aliniita, akaniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nilimwonyesha jedwali la utafiti, akalitazama, akasema, "Sawa, lakini wanachuo hawajafurahi." Alikuwa na haki yake. Kukumbuka kwa shida kunahisiwa kama kutojua, na kusoma tena kunahisiwa kama kujua. Mwanachuo hasemi uongo akisema alijifunza zaidi nilipokuwa namchekesha. Anasema alivyohisi.

Matokeo ya mitihani ya mwisho yalipanda, si kwa maajabu, kiasi cha mimi kuvumilia muhula mwingine.

Kuna jambo jingine lililoninyoosha. Kwa miaka sita nilifundisha kwamba kuna watu wa kujifunza kwa macho, wa masikio, na wa vitendo, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Nilikuwa hata na dodoso, wanachuo wanajaza, wanajitambua, wanafurahi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia ushahidi wa nadharia hiyo, wakaona hautoshi kuhalalisha kuitumia darasani. Mimi niliisoma taarifa hiyo miaka kadhaa baadaye, tena kwa kuisakama niikosoe. Sikuweza. Nikaenda darasani, nikafuta kichwa cha somo, nikawaambia. Dada mmoja, mkimya siku zote, akanyoosha mkono: "Kwa hiyo waliotutangulia uliwadanganya?"

"Nilikosea."

"Watajuaje?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Nikikutana na mmoja wao huwa namwambia, na wengi wanaitetea nadharia kuliko nilivyoitetea mimi.

Halafu ikaja 2015, watafiti waliporudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokwisha kuchapishwa, na kama asilimia 36 tu yakatoa tena matokeo ya kuaminika. Walimu wenzangu wengine walilichukulia kama aibu ya familia, lisemwe ndani. Mimi nililipeleka darasani wiki ileile. Mwaka huohuo Jaap Murre na Joeri Dros walichapisha marudio ya jaribio la Ebbinghaus, mtu mmoja akikariri silabi kwa saa 70, na mchoro wake ukafanana na ule wa mwaka 1885. Yule aliyekaa peke yake na saa yake alisimama imara. Nakiri nilipiga meza kwa furaha.

Mmeuliza "nani", kwa hiyo nimtaje mmoja mwingine. Mary Whiton Calkins alimaliza kila kilichotakiwa kwa shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1895, akanyimwa kwa sababu ni mwanamke. Baadaye alipewa nafasi ya kupokea shahada ya Radcliffe, chuo cha wanawake, akaikataa, alisomea Harvard. Mwaka 1905 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Njia yake ya kupima kumbukumbu kwa jozi za vitu tunaitumia hadi leo, mara nyingi bila kumtaja. Mimi namtaja, na siongezi neno. Huwa naona ni nani wameinua vichwa.

Kuhusu wanaokuja baada ya kipindi wakisema "nina rafiki yangu ana tatizo", nasema kifupi: mimi ni mwalimu, si mtabibu. Nasikiliza, kisha natembea naye hadi mlango wa mshauri nasaha, kwa sababu ukimwelekeza tu hafiki. Rafiki huyo, mara tisa kwa kumi, ndiye tunayetembea pamoja.

Yule mama wa kioo alistaafu kabla sijaanza kufundisha. Alipofunga ofisi alinipa kioo chake, kimepasuka kona moja, nacho nakitumia. Kila mwaka namtafuta anayesinzia.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na karatasi tupu, na swali lilikuwa la somo la wiki sita nyuma, yaani Ebbinghaus. Nilikusanya jioni nikaanza kusoma. Mmoja alikuwa amesahau mwaka. Jina la Mjerumani aliliandika kwa namna tatu, zote si sahihi, akazikata. Asilimia hakuweka hata moja. Chini akaandika: "pun, punda hana mkia. Hii naikumbuka. Zile ambazo hatukuzicheka sikumbuki hata moja. Je, huyo Mjerumani alihakikishaje kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kucheka?"

Nimefundisha somo hilo miaka 17, swali hilo sikuwahi kujiuliza. Karatasi yake bado iko mezani, na kesho saa nane nina kipindi na darasa lao.