Ukweni wanasema najaza choo tu

SWALI: Nina miaka 31, naishi Morogoro. Ndoa yetu ina miaka mitatu na hatujapata mtoto. Mama mkwe hupiga simu kila mwisho wa mwezi kuuliza kama nimeziona siku zangu. Kwenye arobaini ya mtoto wa shemeji, wifi alisema mbele ya watu kwamba mimi najaza choo tu. Sasa sherehe nazikwepa, usingizi sipati, mume wangu akinigusa nakakamaa. Yeye ananiambia nivumilie. Nifanyeje?
M.

JIBU: Pole sana, dada M. Ulilotamkiwa ni tusi, na hali uliyonayo inatokana na maneno hayo. Mtu akisubiri kuulizwa kila mwezi, tendo la ndoa linageuka mtihani: mwanamke anakakamaa na kuumia, mwanamume anashindwa kusimamisha siku zile zile za kushika mimba. Mnakutana mara chache, mimba inazidi kuchelewa, na simu za ukweni zinaongezeka.

Mumeo hajatimiza wajibu wake kwa kukwambia uvumilie. Azungumze na mama yake mwenyewe, wewe usiwepo: "Mama, habari ya mtoto ni yetu wawili. Ukiwa na swali, niulize mimi." Asiseme wewe ndiye uliyelalamika, maana lawama zitakurudia. Na wakiuliza tena, arudie maneno hayo hayo bila kuongeza maelezo.

Hospitali nendeni pamoja. Kwa umri wako, vipimo huanza mkijaribu mwaka mzima bila mafanikio. Mwenye miaka 35 na zaidi asingoje zaidi ya miezi sita. Mume naye apimwe mapema, kwani kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vingi vya mwanamke: akae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, kisha atoe sampuli. Majibu yasipokuwa mazuri hurudiwa, mara nyingi baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa mbegu mpya huchukua muda huo kukomaa. Majibu yoyote yabaki chumbani kwenu. Ukiyatumia kujitetea kwa wifi, kesho atasemwa mumeo.

Sherehe za watoto unaweza kuziacha kwa sasa, zawadi aipeleke mumeo. Marafiki wasiokuuliza maswali usiwakimbie. Kujifungia ndani hukuza sonona. Huzuni ikikukaa karibu kutwa nzima kwa wiki mbili, chakula hakipiti na hakuna kinachokupendeza, mweleze daktari hayo yote, asiishie kukupa dawa ya usingizi. Ukipata wazo la kujidhuru, mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.