Tunaishi Ujerumani kwa mkataba wa kazi: je, sisi ni wasafiri wa kupunguza swala?

SWALI: Assalamu alaykum, shehe. Mimi na mume wangu ni watu wa huku huku. Kwao ni Majengo, Moshi, na kwetu ni Ngarenaro, Arusha. Huu ni mwaka wetu wa pili Hamburg, Ujerumani, kwa mkataba wa kazi wa miaka minne. Mwaka jana rafiki yake alimwambia kwamba sisi ni wasafiri mpaka siku tutakayorudi nyumbani moja kwa moja. Tangu hapo anaswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Nikiswali nyuma yake, akitoa salamu mimi husimama nikatimiza nne. Mwaka huu tumetembea sana: mwisho wa wiki kwa marafiki Copenhagen na Amsterdam, siku sita kwa dada yake Muscat, kisha wiki tano nyumbani. Siku ya pili baada ya kufika Moshi walimtanguliza aswalishe Isha, akatoa salamu kwenye rakaa ya pili. Baba yake alikasirika mbele ya watu, na mama mkwe anasema mimi ndiye niliyembadilisha mwanawe. Jambo la pili: tuna jirani, bibi wa Kijerumani aishiye peke yake, anatutunzia ufunguo na alitualika Krismasi. Rafiki yule yule anasema kuzoeana naye ni haramu. Shehe, nimechoka kubishana ndani ya nyumba.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, mumeo atimize rakaa nne Hamburg kuanzia swala ya kwanza baada ya kusoma majibu haya. Ninyi ni wakazi wa mji ule. Kauli aliyopewa imeenea sana kwa vijana wetu walioko Ulaya na Ghuba, na kila mwaka inarudi nao nyumbani na kuvuruga safu za misikiti yetu. Kwa hiyo sitaipita juu juu.

Wenye kauli hii huja na dalili tatu. Ya kwanza ni kwamba Mtume (s.a.w.) alikaa Tabuk siku ishirini akipunguza, na Makka mwaka wa ufunguzi siku kumi na tisa. Habari hizo zimepokewa, hatuzikatai. Lakini Tabuk lilikuwa jeshi kambini, likingoja adui aje au asije, na Makka ilikuwa mji uliotoka kufunguliwa huku vita vya Hunayn viko mlangoni. Nani kati yao alikuwa amepanga kukaa idadi ile ya siku tangu alipofika? Siku zilihesabiwa baada ya kupita. Mumeo aliijua miaka minne kabla hajapanda ndege.

Dalili ya pili ni Ibn Umar (r.a.) kukaa Azerbaijan miezi sita akipunguza. Habari yenyewe inataja sababu, na wao huikata: theluji ilifunga njia. Alikuwa mtu anayetaka kuondoka, amezuiliwa, kila asubuhi anatazama kama njia imefunguka. Mwenye kupangisha nyumba kwa mkataba hafanani naye hata kidogo.

Na hapa ndipo ninapowalaumu kwa dhati, kwa sababu hili si la kukosea kwa bahati mbaya. Hunukuu maneno ya Imamu Tirmidhi kwamba wanavyuoni wameafikiana msafiri apunguze “hata ipite miaka”. Sentensi kamili inasema: apunguze maadamu hajaazimia kukaa, hata ipite miaka. Sharti limeondolewa, ruhusa ikabakizwa. Kijana asiyesoma Kiarabu atajuaje kwamba amepewa nusu ya maneno?

Ya tatu ni kwamba Ibn Taymiyya amesema mpaka wa safari ni desturi ya watu, si idadi ya siku. Sawa, tuchukue kipimo hicho. Ujerumani mtu akihamia kwenye nyumba hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na jina lake huwekwa kwenye kengele ya mlango na sanduku la barua. Ana kitanda chake, sufuria zake, daktari wake. Muulizeni yeyote Hamburg, au yeyote sokoni Mbuyuni pale Moshi: fulani anaishi wapi? Atajibu: anaishi Ujerumani. Desturi imeshahukumu, na imehukumu dhidi yao.

Tazama pia kauli hii inakopeleka. Aliye msafiri hawajibiki na Ijumaa, na ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani mpaka alipe baadaye. Basi msafiri wa miaka minne atakuwa na Ijumaa zaidi ya mia mbili zisizomlazimu na Ramadhani nne za hiari. Wengi wao wakifikishwa hapo husita, wakasema afunge tu. Kwa nini, kama ni msafiri kweli?

Madhehebu manne yametofautiana katika idadi ya siku ambazo msafiri akiazimia kuzikaa mahali huhesabiwa mkazi. Kwetu Mashafii, na kwa Malik, ni kuazimia siku nne kamili. Mahanbali wako karibu na hapo, na Mahanafi wamefika siku kumi na tano. Hakuna hata moja ambalo mkataba wa miaka minne unaingia ndani yake. Msingi wa siku nne ni hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba Muhajirina waliruhusiwa kubaki Makka siku tatu baada ya kumaliza ibada ya Hija. Walikuwa wamekatazwa kuifanya tena maskani, kwa hiyo tatu haikuwa ukazi.

Sasa safari zenu za mwaka huu, maana kosa limeingia pande zote mbili. Copenhagen na Amsterdam, mkiondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, ni safari halali ya kupunguza na kuchanganya, yaani kuswali swala mbili katika wakati wa moja, kwani umbali unapita kwa mbali marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa leo hukadiria kati ya kilomita 80 na 90. Ila angalieni mahali pa kuanzia: ruhusa huanza mtu akishatoka kwenye majengo ya mji wake. Uwanja wa ndege wa Hamburg uko Fuhlsbüttel, ndani ya mji, kwa hiyo mkiwa pale mnangoja ndege mnaswali nne, na hamvuti Alasiri kwenye wakati wa Adhuhuri. Mkiondokea Moshi ni kinyume chake. Uwanja wa ndege wa KIA uko mbali nje ya mji, basi mkifika pale mmeshaanza safari na mnaweza kupunguza.

Muscat siku sita: toa siku ya kufika na siku ya kuondoka, zinabaki nne kamili. Mliazimia hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo mlipaswa kutimiza tangu mlipoingia. Zingekuwa siku tano mngepunguza. Watu wengi huhesabu na siku ya ndege, wakakosea kwa kuzidisha au kwa kupunguza.

Moshi ndiko kwao, na safari hukatika kwa kuingia tu, hata angelala usiku mmoja. Seuze wiki tano. Kwenda kwenu Arusha ni kama kilomita 80 kwa barabara, yaani kwenye ukingo wa kipimo chenyewe. Penye shaka asili ni kutimiza, basi timizeni.

Kuna jambo limechanganyika na hili, nami nalitenga kwa sababu linawagusa watu wenye shida ya kweli. Kupunguza kuna sababu moja tu, safari. Kuchanganya kuna nafasi zaidi. Hamburg mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku na linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na wekundu wa machweo unachelewa mno kupotea. Desemba jua linazama kama saa kumi alasiri, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaangukia saa za kazi. Imamu Muslim amepokea kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alichanganya Madina bila hofu wala mvua, ili asiutie umma wake mashaka. Imamu Nawawi ametaja jamaa ya wanavyuoni, akiwemo Ibn al-Mundhir, walioruhusu mkazi achanganye kwa haja, kwa sharti asiifanye mazoea. Siku ambayo zamu haikuachii nafasi, changanya, lakini rakaa ni nne nne. Anza na ya mwanzo, uwe na niya ya kuchanganya ndani yake, na usiweke kati yao mwanya mrefu.

Ndani ya ndege ya usiku, Magharibi na Isha zichanganyeni mkishatoka nje ya mji, au kwenye uwanja wa kubadilishia. Alfajiri haichanganywi na kitu. Muulizeni mhudumu nafasi karibu na mlango, msimame, muelekee kibla. Mkikataliwa, swalini kwenye viti kwa kuuheshimu wakati, kisha mzirudie mkifika.

Vipi zile za mwaka mzima? Alifuata kauli ya aliyemwamini, na kauli hiyo ina watu wake. Mtume (s.a.w.) alipomwona mtu anaswali vibaya alimrudisha aswali ile iliyokuwa mbele yake, hakumwamuru alipe za miaka iliyopita. Kwa hiyo simfungi kamba. Hata hivyo kwa madhehebu yetu tahadhari ni kulipa, na kulipa kwenyewe si kugumu: Alfajiri na Magharibi hazikuguswa. Kila akiswali Adhuhuri aongeze Adhuhuri moja ya kadha, vivyo hivyo Alasiri na Isha, rakaa nne, hata akiwa safarini, kwa kuwa zilimpasa akiwa mkazi. Siku alizokuwa safarini kweli azitoe. Wewe huna cha kulipa. Uliswali nyuma yake hali hujui hukumu, na ulitimiza.

Ile Isha ya Majengo, waliotimiza nne baada ya salamu yake wako salama. Umar (r.a.) alipoingia Makka aliwaswalisha rakaa mbili, kisha akawaambia watu wa Makka watimize, kwa kuwa yeye na wenzake ni wasafiri. Mumeo hakuwa msafiri, na hakutangaza. Msafiri wa kweli akija kijijini kwa mtu mwingine, adabu ni amwache mwenyeji aswalishe, naye akimfuata atimize nne pamoja naye.

Jirani yenu sasa. Hoja iliyomfanya mumeo msafiri ndiyo hiyo hiyo inayomkatia haki ya jirani, kana kwamba mtu anaweza kuishi mahali bila kuwa na majirani. Mkazi ana swala kamili na ana jirani kamili. Mwenyezi Mungu amesema hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu (Al-Mumtahina, 60:8). Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo aliuliza, na akarudia kuuliza, kama jirani yao Myahudi ameshapelekewa nyama. Aya wanazozitumia kukataza ziliteremka kwa watu waliokuwa wakishirikiana na maadui wa Waislamu wakati wa vita. Mwanamke mzee anayetunza ufunguo wenu anaingiaje humo?

Na sisi wa Kilimanjaro hatukufundishwa hivyo. Ukoo mmoja una Mwislamu, Mlutheri na Mkatoliki. Desemba wakirudi wote migombani, huitwa Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Mpelekeeni bibi chakula siku za Idi. Krismasi hamuingii kwenye ibada yao, ila kumtembelea mtu mpweke na kukaa naye si ibada. Mwambieni mapema msichokula: usiku wa Krismasi Wajerumani wengi huweka viazi na soseji, nazo aghalabu ni za nguruwe, na ule mkate wao wa zabibu kavu mara nyingi zabibu zake hulowekwa kwenye ramu. Bebeni samaki wenu.

Mwisho, mama mkwe. Usimjibu yeye kwa hukumu, mpe mwanawe nafasi. Mumeo ampigie simu baba yake kwanza, aseme alipotoka na kwamba amerudi kwenye rakaa nne, kisha azungumze na mama yake na amwambie kwa kinywa chake kwamba mke wangu alikuwa akitimiza muda wote. Likizo ijayo gaweni siku kabla ya kukata tiketi: wazazi wa pande zote mbili kwanza, Majengo na Ngarenaro, wagonjwa na waliofiwa wafuate, marafiki baadaye. Zawadi zisizidi mlichoweka akiba, maana kukopa ili kuonekana mmetoka Ulaya kunawarudisha Hamburg na deni na uchungu. Kuhusu mabishano, swala zenyewe mzipange leo: akikubali rakaa nne, mtangulize na uswali nyuma yake. Akikataa, swali peke yako nne zako bila maneno, na anipigie mimi.

Wallahu aalam.