Jina jipya halifuti deni la klabu

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa klabu ya ligi ya chini hapa Kisumu. Kwa misimu mitatu mwenyekiti wetu amekuwa akilipa nauli, posho na ada za marefa kutoka mfukoni mwake. Sasa tumekosana naye. Anasema anatudai milioni 1.4 na kwamba asipolipwa ataondoka na usajili wa klabu. Wachezaji wanadai malimbikizo ya miezi minne, na aliyetushonea jezi hajamaliziwa pesa zake. Kuna bwana mmoja wa Nakuru anatushauri tusajili klabu mpya kwa jina jingine ili madeni yabaki kwa ile ya zamani. Anataka 80,000 za kuandaa hati na kututafutia mdhamini. Tukubali?

JIBU: Mweka hazina, hizo 80,000 msizitoe. Nimeanza na hilo kwa sababu huenda mchango wenyewe umeshaanza kuzunguka.

Nakagua vitabu vya klabu, na hakuna wazo linalonichosha kama hili la kubadilisha jina ili deni lipotee. Nalisikia Kisumu, nalisikia Kakamega na Bungoma, na kila mara analileta mtu mwenye faili kwapani asiyejibu swali la pili. Mtazameni huyo fundi wa jezi. Ana oda iliyotiwa sahihi, ana nakala ya risiti ya malipo ya kwanza, na kwenye simu yake kuna ujumbe wenu mkimwomba avute subira hadi mwisho wa mwezi. Jumamosi atakuja uwanjani awakute vijana wale wale na kocha yule yule, ndani ya jezi alizoshona yeye, ila ratiba imeandikwa jina jingine. Mnadhani atashindwa kujua wa kumshtaki?

Kama klabu yenu ilisajiliwa kama chama cha kawaida, basi hatari iko karibu zaidi nanyi. Kwa sheria za Kenya chama cha namna hiyo hakishtakiwi kwa jina lake. Kesi hufunguliwa kwa majina ya maafisa wake, yaani mwenyekiti, katibu na wewe. Kampuni ndiyo hushtaki na kushtakiwa yenyewe, na klabu za kiwango chenu ninazozikagua ni chache zilizochukua njia hiyo. Kwa hiyo anayekwambia deni litabaki kwa klabu ya zamani anakuachia deni wewe.

FIFA nayo iliziba mlango huu. Kanuni zake za nidhamu zinamtambua mrithi wa kimichezo: klabu mpya ikikalia kiti cha ile ya zamani, inarithi na madeni yake. Huangaliwa makao, jina, rangi, wachezaji, wenye klabu na ligi inayochezwa. Mashauri yanayofika huko mara nyingi ni ya wachezaji na makocha wa kigeni, kwa hiyo huenda lenu lisifike, lakini sioni kwa nini hakimu wa mahakama ya Winam, hapa Kisumu, afikiri tofauti. Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya pesa zilizodaiwa na wachezaji na makocha waliokwisha kuondoka. Klabu hizo zina mawakili, na hakuna aliyezishauri zibadilishe jina zitoke kifungoni.

Sasa mwenyekiti. Pesa iliyotoka mfukoni mwake ni mchango au ni mkopo, na jibu linategemea mlichokubaliana siku ilipotoka, si hasira ya leo. Fungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Kuna mahali kamati iliamua kumkopa? Kama hakuna, msishangilie bado, maana anaweza kuthibitisha kwa njia nyingine. Mwombe achukue taarifa ya M-Pesa ya misimu yote mitatu, wewe ulete ratiba ya mechi, kisha mkae mezani mbele ya mashahidi wawili. Mmeenda Siaya Jumamosi ile? Kuna malipo kwa dereva wa matatu asubuhi hiyo? Refa alilipwa kabla ya mechi? Kila linalooana, litieni alama. Lisilooana liandikwe kando, alitafutie risiti.

Halafu fanyeni jambo ambalo kamati nyingi huliona haya: ingizeni upande wa pili. Pesa za getini zilizopitia kwenye namba yake, michango ya harambee, pesa ya mchezaji aliyeuzwa, zawadi ya kombe la mheshimiwa, zote zinatolewa kwenye dai lake. Nimeona madai makubwa yakinywea hapo. Nimeona pia mwenyekiti akionewa, kumbe ametoa zaidi ya alivyosema na hakuna aliyewahi kumshukuru. Kitakachobaki kiandikeni kama deni, mpange alipwe kidogo kidogo, naye atie sahihi. Kama ni mtu wa klabu kweli, huenda akasamehe sehemu, lakini mwacheni aseme mwenyewe.

Kuhusu kuondoka na usajili, hilo ni tishio tu. Chini ya Sheria ya Michezo ya 2013 kinachosajiliwa kwa Msajili wa Michezo ni klabu, si mwenyekiti wake, na mabadiliko ya maafisa hupelekwa kwa Msajili pamoja na kumbukumbu za mkutano uliowachagua. Anachoweza kweli kuondoka nacho ni nywila ya mfumo wa kusajili wachezaji wa shirikisho, cheti halisi na laini ya simu inayopokea pesa za klabu. Vitu hivyo vidaini wiki hii, kwa barua na kwa heshima.

Wachezaji wangetangulia wote, na nasikitika kuwaona nyuma ya mwenyekiti katika barua yako. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinatambua kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ana sababu halali ya kuvunja mkataba, akishatoa notisi ya siku 15. Ninyi mko miezi minne. Mnaweza kuamka mkiwa na usajili, cheti na jina zuri, bila mtu wa kuvaa jezi.

Na hapa naongea na klabu zote za upande huu, kwa maana barua yako si ya peke yake. Tumezoea kuamini kwamba shida yetu ni mdhamini. Tumekuwa nao. Klabu ya SoNy Sugar ilitegemea kiwanda cha sukari. Kiwanda kilipokaukiwa, mwaka 2019 ikaondolewa Ligi Kuu msimu ukiendelea kwa kutofika kwenye mechi tatu, na Chemelil Sugar ikashuka msimu huo huo. Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini wake katika mvutano wa leseni na kodi, hata Gor na Leopards ziliachwa kwenye mataa. Klabu inayolishwa na mfuko mmoja, uwe wa kiwanda, wa kampuni ya kamari au wa mwenyekiti, haioni haja ya kuandika hesabu wakati pesa ipo, na pesa ikikatika haina karatasi ya kumwonyesha mtu mwingine.

Ndipo madalali wanapoingia. Wanauza katiba zilizonakiliwa, jina la klabu nyingine likiwa bado ukurasa wa tatu. Wanauza barua za wadhamini ambao ukiwapigia simu hawajui mpira wanaoudhamini. Kampuni ya kweli itauliza hesabu zilizokaguliwa, akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na cheti cha KRA kuonyesha hamna deni la kodi. Kama mnalipa mishahara ya kutozwa kodi na hamjawahi kupeleka makato yake ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, cheti hicho hamtakipata, na KRA ina uwezo wa kuiagiza benki iwakate moja kwa moja, hata kama pesa iliyomo ni ya mdhamini iliyoingia jana.

Yule bwana wa Nakuru akipiga simu tena, mwambieni alete jina la kampuni na la ofisa aliyezungumza naye, na kwamba ada yake atalipwa kutoka kwa pesa za mdhamini zikishafika benki. Akikubali, niandikieni tena, niwasaidie kuusoma mkataba kabla hamjautia sahihi.