Seli za maabara na moyo wa mkulima

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa nyanya na kila msimu hunyunyizia viuatilifu. Nimesikia kwamba siku hizi kemikali hupimwa kwa seli za moyo wa binadamu zilizokuzwa maabara. Je, seli iliyo kwenye kisahani itajuaje yatakayoupata moyo wangu? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, seli hizo hazikatwi moyoni mwa mtu. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka na wenzake huko Japani walizirudisha seli za ngozi ya mtu mzima katika hali ya seli shina, yaani seli ambayo bado inaweza kugeuka kuwa ya aina yoyote mwilini. Zikilelewa kwa hatua maalumu huwa misuli ya moyo, na baada ya wiki mbili hivi huanza kudunda zenyewe.

Mtafiti huzitia rangi inayong'aa kila kalisi, madini yanayoisukuma seli kudunda, inapopanda ndani yake, kisha huongeza kemikali kidogo kidogo huku akitazama kama mapigo yanakwenda mbio, yanakoma, au yanachelewa kutulia. Huko kuchelewa ndiko kunakoogopwa zaidi, kwa kuwa huenda milango ya kupitishia potasiamu imezibwa, na mtu ambaye moyo wake uko hivyo anaweza kufa ghafla. Panya, ambaye moyo wake hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, hutegemea milango mingine, hivyo yeye hawezi kutuonya vizuri.

Ninaloliona la thamani kuliko yote ni kwamba seli hubeba jeni, yaani chembe za urithi, za mtu aliyeitoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walipima kemikali 134, zikiwamo dawa za hospitali na kemikali za mazingira, kwenye seli za watu 43, wakakuta kwamba watu hawadhuriki kwa kiwango kimoja.

Kwa upande wako, hata hivyo, kipimo hiki kina pengo kubwa. Viuatilifu vingi vya jamii ya organofosfeti hugeuzwa na ini kuwa vikali zaidi, kisha huvuruga neva ambazo ndizo huudhibiti moyo. Kisahani hakina ini wala neva, kwa hiyo seli zinaweza kuendelea kudunda kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiwa dawa unayonyunyizia ni ya jamii hiyo, muulize daktari kuhusu kupima kolinesterasi, kimeng'enya ambacho sumu hizo hukizuia kufanya kazi, katika damu yako, kwa maana kipimo hicho huonyesha kama sumu imekwisha kukuingia mwilini.