Re: Chakula cha jioni botini Bangkok, nifike vipi na nikae wapi?

Uliuliza ukitoka hotelini Sukhumvit uchukue teksi. Usichukue. Foleni ya Bangkok saa kumi na mbili jioni ni Thika Road ya mvua, na boti halimngoji mtu. Panda treni ya juu ya BTS, ubadilishe treni Siam uende hadi Krung Thon Buri, kisha ubadilishe tena kwa laini ya dhahabu hadi Charoen Nakhon. Ukishuka, ICONSIAM, lile jumba la maduka, iko hapo hapo na gati liko nyuma yake, upande wa mto. Lakini soma tiketi kwanza: boti nyingine huondokea River City au Asiatique, na watu hukosea gati kila siku.

Omba meza ya sitaha ya juu, pembeni. Chini kuna kiyoyozi, ila vioo huakisi taa na picha huharibika. Boti likipanda mto kutoka ICONSIAM, hekalu la Wat Arun liko kushoto, Kasri la Kifalme kulia. Likigeuka, pande hubadilika, kwa hiyo usigombanie kiti. Chukua chakula mapema, mahekalu yakianza simama na simu. Septemba na Oktoba ni mvua, beba koti jepesi.