Nateseka au nateswa?

*Shikamoo Shangazi. Sisi ni Wamakonde wa Tandahimba, nina watoto watatu. Mama alifariki mwaka jana, akaniachia mikorosho 40. Mume wangu aliisajili kwa jina lake, na msimu huu ameuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya utaratibu, kabla hata hazijaanza kuokotwa. Hela sijaiona. Ili watoto wale, nabangua korosho za watu mpaka vidole vinachubuka. Nateseka, Shangazi. Ustadhi anasema ni mtihani, nivumilie. Mama mkwe anasema kila mtu ana shida zake. Hivi mateso maana yake nini? – Mama Watatu*

Marahaba mwanangu. Barua yako ni ndefu, hapo juu nimeifupisha, lakini nikihesabu "nateseka" nimezikuta saba. "Nateswa" hakuna hata moja.

Unajua mtoto akiangusha kikombe anavyojibu? "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi kimevunjwa, maana akisema hivyo swali linalofuata ni "na nani?" Kimevunjika hakina mtu, kama vile kikombe kiliamua chenyewe. Na wewe umeniandikia hivyo hivyo, mateso yamekushukia kama mvua. Halafu ndani ya neno hilo moja umefungasha vitu ambavyo havikai pamoja.

Kifo cha mama hakina wa kuulizwa. Ule ulikuwa msiba, na watu wakishakunja mikeka wakarudi makwao, kinachobaki ni majonzi. Umesema mpaka leo ukiona ming'oko, vile viazi pori, ya kuchemsha inauzwa stendi unageuza uso, kwa sababu mama ndiye alikuwa akikuchimbia. Hapo sina dawa, wala sikutafutii. Lia. Anayekwambia umelia vya kutosha alikupimia kwa kibaba gani?

Kubangua ni taabu. Kwa Kiarabu lilikotoka, neno hilo ni uchovu tu, na uchovu hupunguzwa. Vidole vyako vinachubuliwa na mafuta ya ganda, yale meusi yanayounguza ngozi. Vaa glavu. Ukikosa, jipake majivu au mafuta kabla hujashika korosho, na usisubiri ngozi ipasuke ndipo uanze.

Mama mkwe asikusumbue. Shida ni neno pana mno, hata jirani anayekuja kuazima chumvi anasema ana shida na wewe.

Tuje kwenye kangomba. Hapa, mwanangu, kuna mtu.

Sibishani na ustadhi. Mtihani upo, na anayetahini ni Mungu. Lakini Mungu hajauza korosho zako. Na huyo Nabii Ayubu, ambaye tunamtaja kila tunapotaka mtu anyamaze, katika Kurani, Sura ya 21 aya ya 83, anamwita Mola wake na kusema kuwa madhara yamempata. Alisema! Subira yake haikuwa kufunga mdomo.

Vijana siku hizi wakisema "jamaa anatesa" wanamsifia, mambo yake safi. Mumeo akishapokea hela ya kangomba basi anatesa kwa maana zote mbili, ya mjini na ya kwako. Na amekula hasara pia, maana wa kangomba hununua kwa bei ya kutupa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho huko Mtwara msimu wa 2007/2008, nia ilikuwa mzigo uende ghalani na mnadani, mkulima asilanguliwe mlangoni kwake.

Sasa sikiliza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke mtu mzima haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mikorosho ya mama yako haikuhama kwa sababu wewe umeolewa.

Anza na mumeo. Jioni moja ambayo hajanywa, muulize: "Hela ya korosho za mama iko wapi?" Swali hilo tu, usilichanganye na ada wala na maneno ya mama yake. Akikujibu vizuri, mtapanga. Akizunguka, nenda kwa mjomba wako. Ninyi Wamakonde ukoo mnaufuata kwa mama, na mipaka ya shamba la dada yake mjomba anaijua mti kwa mti. Ongozana naye kwa mtendaji wa kijiji, kisha AMCOS, chama chenu cha ushirika cha wakulima, mkaulize utaratibu wa kuandika mikorosho kwa jina lako na malipo ya mnada yaingie kwenye akaunti yako. Mkikwama, Baraza la Ardhi la Kijiji ni la usuluhishi, halihitaji wakili. Wahi kabla ya msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, maana pembejeo hufuata jina lililosajiliwa.

Kuna sentensi uliyoianza ukaikata: "nikimhoji huwa ana…" Sitaimalizia mimi. Ila kama ni mkono, hilo si la mjomba tena. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake, na Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo cha polisi.

Glavu nunua wiki hii. Ukishatoka AMCOS niandikie wamekujibu nini.